After Life, Shrinking au The Leftovers: uanze na tamthilia ipi baada ya arobaini?

Siku tatu za matanga nyumba yetu ilijaa watu mpaka uani: viti vya kukodi, turubai, masufuria ya majirani, mikeka ya msikitini. Ilipopita arobaini na hitima kusomwa, kila kitu kilirudi kwa mwenyewe. Tukabaki watatu: mimi, shemeji yangu, na binti yake wa miaka 16 anayeniita mama mdogo. Dada yangu alikuwa amefariki kwa maradhi ya figo.

Mwanamke akifiwa na mumewe, dini yetu imempangia eda ya miezi minne na siku kumi. Mgane hana eda. Shemeji alirudi kazini siku ya nne, na watu wakamsifu kwamba amejikaza. Usiku nilikuwa namsikia chumbani akisikiliza sauti za WhatsApp alizoachiwa na marehemu, moja baada ya nyingine, za kawaida kabisa: "Ukipita sokoni chukua nazi mbili." "Mtoto ameshafika?" "Gesi imeisha." Binti naye alikuwa na simu yake, masikio ameyaziba. Nyumba moja ina misiba miwili, na mlango kati yao haufunguliwi.

Ndipo nikaanza kuwatafutia kitu cha kutazama. Sikutarajia tamthilia iwaponye. Nilitaka tu kitu kitakachotamka yale ambayo sisi tulishindwa kuyatamka. Nimezimaliza tatu, na zote zinahusu mtu aliyefiwa anayetafuta sababu ya kuamka asubuhi. Lakini hazifanani hata kidogo zinavyomshika mtazamaji, na ukimpa mfiwa isiyo yake kwa wakati ule unaweza kumtonesha kidonda. Naziweka hapa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mwenye msiba, au mwenye mfiwa nyumbani.

Mwenye haraka achukue hili kwanza. Kama msiba umekugeuza kuwa mtu wa hasira na upweke, anza na After Life. Kama mmefiwa wengi chini ya paa moja na hamzungumzi, anzeni na Shrinking. Kama mtu wako alipotea bila mwili kuonekana, au swali lako kubwa ni "kwa nini?", ipo The Leftovers, ila hiyo ina masharti yake.

After Life: mtu aliyeamua kumkasirikia kila mtu

Hii ni ya Uingereza, ipo Netflix. Ricky Gervais ameiandika, ameiongoza na kuigiza mwenyewe kama Tony Johnson. Ina misimu mitatu, ya 2019, 2020 na 2022, kila mmoja sehemu sita, na sehemu moja ni kama nusu saa. Jumla sehemu 18, unaimaliza kwa wiki moja bila kukesha.

Tony ni mwandishi wa Tambury Gazette, gazeti la bure la mji mdogo wa kubuni. Mkewe Lisa amekufa kwa saratani ya titi. Anataka kujiua, na kinachomzuia ni mbwa wao, Brandy, ambaye ana njaa na hana mwingine wa kumlisha. Basi anaamua kuishi, lakini kwa sharti lake: atasema na kutenda lolote linalomjia, na dunia ikimchosha, mlango wa kujiua bado uko wazi. Anatukana wenzake kazini, anamtukana tarishi, anagombana na wahudumu wa mgahawa.

Shemeji hajawahi kufuga mbwa maishani mwake. Lakini sehemu ya kwanza ilipoisha alinyanyuka bila kusema neno, akatoka uani na tochi kuangalia banda la kuku. Kuku wale walikuwa wa dada. Toka azikwe, shemeji ndiye aliyekuwa akiwamwagia pumba kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na mimi nilidhani ni kazi tu ya nyumbani aliyoirithi. Usiku ule nilielewa kwamba ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani.

Jambo la pili lililomshika ni video. Kabla ya kufa, Lisa alimrekodia mumewe maelekezo ya namna ya kuishi bila yeye, na Tony huyatazama usiku kwenye kompyuta, peke yake. Anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mfiwa yeyote aliyehifadhi sauti au picha kwenye simu ataijua hali hiyo: unajua utaumia, na bado unabonyeza.

Ninachoipendea zaidi tamthilia hii ni njia inayomrudishia Tony kazi ya maana. Haimpi mapenzi mapya harakaharaka. Inampeleka kwenye kazi yake ileile aliyoidharau. Gazeti lile linaandika habari za watu ambao hakuna gazeti jingine lingewatembelea: mtu aliyepokea kadi tano za siku ya kuzaliwa zinazofanana, mtoto mchanga anayedaiwa kufanana na Hitler, kijana anayepuliza filimbi kwa pua. Mwanzoni Tony anawaona wapuuzi. Taratibu anagundua kwamba kila mlango anaogonga una upweke wake nyuma yake, na kwamba kumsikiliza mtu kwa nusu saa ni kazi inayotosha kumtoa mtu nyumbani.

Halafu kuna benchi la makaburini. Tony akienda kwenye kaburi la Lisa humkuta Anne, bibi aliyeigizwa na Penelope Wilton, ambaye amemzika mumewe Stan. Wanakaa. Wanazungumza kidogo, wananyamaza kidogo. Kwetu wanaume wana baraza, lakini barazani yanazungumzwa mengi isipokuwa hilo, na kaburini hatukai. Nilimtazama shemeji akiwatazama wale wawili, nikaona anachokikosa ni mtu aliyepita njia ileile, ambaye hatamwambia ajikaze. Benchi hilo liliwagusa watu wengi: msimu wa tatu ulipotoka mwaka 2022, Netflix ilishirikiana na shirika la CALM linalofanya kazi ya kuzuia watu kujiua, wakatoa mabenchi 25 kwa halmashauri mbalimbali za Uingereza ili watu wapate mahali pa kukaa na kuzungumza.

Sasa kasoro, maana nazo ni nzito. Matusi ni mengi mno, tena yale mazito kabisa, na huwezi kuitazama mbele ya wakwe wala watoto. Kujiua kunatajwa waziwazi tangu dakika za kwanza. Na kuna jambo moja Tony analomfanyia Julian, mraibu wa dawa za kulevya, katika msimu wa kwanza, ambalo hadi leo silikubali. Lilihitaji kulemea hadithi yote iliyofuata, lakini tamthilia inalipita kama vile si kitu. Msimu wa tatu pia unarudiarudia, ingawa mwisho wake, pale kwenye uwanja wa maonyesho ya mji, ni wa utulivu ambao sikuutarajia.

Shrinking: wengi wamefiwa, kila mmoja kivyake

Hii ni ya Marekani, inaonyeshwa Apple TV. Wameibuni Bill Lawrence, Brett Goldstein na Jason Segel, na Segel ndiye anayeigiza Jimmy Laird, mtaalamu wa ushauri nasaha huko Pasadena, California. Msimu wa kwanza ulianza Januari 2023 ukiwa na sehemu 10, wa pili Oktoba 2024 ukiwa na sehemu 12. Nyingi ni za nusu saa na kitu.

Mke wa Jimmy, Tia, aligongwa na dereva mlevi. Tunamkuta Jimmy mwaka mmoja baadaye, usiku wa manane, akiwa kwenye bwawa la kuogelea na wageni, pombe na dawa, muziki uko juu, hadi jirani yake Liz anatoka kulalamika. Binti yake, Alice, yumo ndani ya nyumba hiyohiyo. Kwa mwaka mzima Liz ndiye aliyekuwa akimlea.

Hapo ndipo tamthilia hii inapoachana na After Life. Tony hana mtoto, na hasira yake inawachoma watu wazima wanaoweza kuondoka. Jimmy ana mtoto ambaye amepoteza mama kwa kifo na baba kwa huzuni. Kosa lake si la kutukana watu, ni la kutokuwepo. Kazini anaanza kuwaambia wateja wake ukweli bila kupepesa, anawaingilia maisha, hata anamkaribisha mmoja wao nyumbani: Sean, kijana aliyerudi kutoka vita vya Afghanistan. Anapata nguvu mpya ya kuwaokoa watu wa nje. Alice anayaona yote hayo akiwa mlangoni.

Mwanangu, namaanisha binti wa dada, alikasirika kweli tulipofika hapo. "Mama mdogo, kwa nini anaweza kwa wageni?" Sikuwa na jibu la kumpa. Baba yake mwenyewe alikuwa ndiye wa kwanza kufika kila kwenye msiba wa mtu mtaani, anabeba jeneza, anachimba kaburi, anachangia.

Mhusika anayeibeba tamthilia hii ni Paul, mkubwa wao wa kazi, aliyeigizwa na Harrison Ford. Ni mzee mkali, ana ugonjwa wa Parkinson, mikono inaanza kumsaliti na yeye hataki kuambiwa. Bila Jimmy kujua, Paul anakutana na Alice kwenye benchi la bustani na kumsikiliza. Ndiyo, benchi tena, lakini safari hii amekaa mzee na binti. Anampa zoezi moja jepesi: kila siku utenge dakika 15, uweke muziki wa huzuni kuliko wote unaoujua, uuache uchungu uje wote, kisha dakika zikiisha unyanyuke uendelee na siku yako.

Nimelifikiria sana zoezi hilo. Eda, kwa jinsi nilivyoiona mamangu akiikaa, ilikuwa na kazi hiyo pia: huzuni ilipewa muda wake, nguo zake, mahali pake, na siku ya kutoka. Shemeji hakupewa hata dakika 15. Tony hakupewa, Jimmy hakupewa. Paul ndiye pekee katika tamthilia zote tatu anayejua kwamba huzuni isiyotengewa muda hujichukulia muda wote.

Msimu wa pili unaingia mahali pagumu zaidi. Anakuja Louis, dereva aliyemuua Tia, na anayemwigiza ni Goldstein mwenyewe, mmoja wa waandishi. Tamthilia inathubutu kumtazama kama mtu aliyeharibikiwa na maisha naye pia. Sitasema nani anamsamehe na kwa mpangilio gani, ila nitasema kwamba binti anafika kabla ya baba. Mwenye jeraha bichi la ajali asiuanze msimu huu. Asubiri.

Udhaifu wake? Kila mtu ni mwepesi wa maneno. Mazungumzo yanakwenda mbiombio, kila mmoja ana mzaha mdomoni, na nyumba ni nzuri mno, hakuna anayehesabu hela ya matibabu wala ya kodi. Wakati mwingine nilitamani wanyamaze tu. Tena namna Jimmy anavyoingilia maisha ya wateja, mshauri nasaha wa kweli hapaswi kufanya hivyo, na tamthilia yenyewe inaonyesha madhara yake. Matusi yapo pia, na mambo ya faragha yanatajwa wazi, kwa hiyo mtu mzima aitazame kwanza kabla ya kumkalisha kijana. Mimi nilitangulia sehemu mbili mbele yake kila mara.

The Leftovers: wasio na kaburi

Hii ni ya zamani kidogo, ya HBO, kituo cha runinga cha Marekani, kuanzia 2014 hadi 2017, misimu mitatu yenye sehemu 28, na sehemu moja inakaribia saa nzima. Wameitengeneza Damon Lindelof na Tom Perrotta kutokana na riwaya ya Perrotta. Tarehe 14 Oktoba 2011 asilimia 2 ya watu wote duniani wanatoweka kwa mpigo, watu milioni 140, na hakuna anayejua wamekwenda wapi. Hadithi inaanza miaka mitatu baadaye katika mji wa Mapleton, New York, kwa waliobaki.

Ni tamthilia ya kutisha moyo, na mimi niliisimamisha mara mbili. Kuna kundi la watu wanaovaa nyeupe, hawasemi, wanavuta sigara mfululizo, na kazi yao ni kusimama mbele ya nyumba za watu ili wasisahau. Kuna ukatili, kuna utupu wa mwili, na kuna watu wanaojaribu kufa. Lakini kuna Nora Durst, aliyeigizwa na Carrie Coon. Amepoteza mume na watoto wawili kwa sekunde ile ile, wakiwa mezani jikoni. Miaka mitatu baadaye bado anakwenda dukani kununua nafaka za kifungua kinywa walizozipenda watoto. Anarudi, anatupa boksi la zamani ambalo halijaguswa, anapanga jipya mahali pake. Hakuna neno linalosemwa.

Watu wa pwani na wa ziwani wanaijua hali ya Nora. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria Mei 1996, na katika misiba yote miwili wapo ambao hawakuopolewa hata leo. Sisi tuna swala ya ghaibu ya kumswalia asiyekuwepo. Baadhi ya jamii za magharibi mwa Kenya huzika mgomba badala ya mwili uliokosekana. Mila hizo zinampa mfiwa mahali pa kuweka mkono wake. Watu wa Mapleton hawana kitu kama hicho, na tamthilia nzima inaonyesha wanavyohangaika kukibuni: dini mpya, manabii, miji inayodaiwa kuwa na baraka kama Jarden huko Texas, ambako katika wakazi 9,261 hakutoweka hata mmoja.

Jibu la fumbo halitolewi kwa namna ya kumridhisha anayetaka jibu. Ukiwa mtu wa kutaka kujua walikwenda wapi, utachukia. Maana ya maisha hapa haiji kupitia kazi kama ya Tony, wala kupitia watu wa nyumbani kama kwa Jimmy. Inakuja pale mtu mmoja anapoamua kumwamini mwenzake bila ushahidi. Sehemu ya mwisho kabisa inaishia kwa mazungumzo ya watu wawili mezani, na mimi sijaona kitu kingine kwenye runinga kilichoniacha nimekaa hivyo.

Uchague vipi

Angalia kwanza ni muda gani umepita. Ndani ya arobaini sipendekezi yoyote. Wakati huo watu bado wapo, watumie hao. Miezi miwili mitatu baadaye, simu zinapokatika, After Life inafaa kwa sababu ni fupi na Tony yuko palepale ulipo: nyumba imenyamaza. Shrinking inafaa zaidi kuanzia mwaka wa kwanza, mtu anapoanza kuona alichowafanyia wengine wakati hayupo. The Leftovers iache mpaka uweze kulitaja jina la marehemu bila koo kukaba, isipokuwa kama msiba wako ni wa aliyepotea. Huyo anaweza kuihitaji mapema, na asiitazame peke yake usiku.

Angalia pia unatazama na nani. After Life ni ya mtu mmoja, au wawili waliozoeana sana. Shrinking ni ya kutazamwa pamoja, na faida yake yote imo katika kuisimamisha na kubishana. Zote ni za Kiingereza, na Kiingereza cha Shrinking ndicho kinachokwenda kasi zaidi. Weka maandishi ya chini. Kwa anayehesabu bando, sehemu 18 za After Life ni takriban saa tisa tu, wakati The Leftovers inakaribia mara tatu ya hapo.

Kwa mwanamume anayesifiwa kwa kujikaza, mimi ningempa After Life bila kumweleza inahusu nini. Kwa mama au baba mwenye kijana nyumbani, Shrinking, na ningemwomba aitazame kwa macho ya Alice. Nikilazimishwa kubaki na moja tu ya kumpa mfiwa nisiyemjua, nitampa Shrinking, kwa sababu ndiyo pekee inayomwachia kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Lakini mtu akikwambia anatamani kufa, usimpe tamthilia. Kaa naye, usimwache peke yake, mfikishe kwa mganga wa hospitali au mshauri nasaha siku hiyohiyo.

Kuhusu sisi: tulipofika kwenye zile dakika 15 za Paul, binti alisimamisha picha. Akakaa kidogo ameishika rimoti, akaamka, akaenda kugonga mlango wa baba yake. Mimi nilibaki sebuleni. Kwa muda mrefu sikusikia kitu. Kisha nikaisikia sauti ya dada kutoka kwenye simu, ikimwagiza mtu nazi mbili, ikarudiwa mara ya pili, na mara ya tatu nikawasikia wote wawili wakiisema pamoja naye.